Nyumba ya Ujirani: Kampeni Hupita, Nyumba Hubaki

Mtu mzima anapofika katika ofisi ya kijiji akakabidhiwa fomu, kisha akajipapasa mifukoni na kusema kuwa amesahau miwani nyumbani, watendaji wengi huelewa bila kuuliza zaidi. Humjazia fomu, humwonyesha pa kuweka dole gumba, naye huondoka akishukuru. Shida yake ya siku hiyo imekwisha. Shida iliyo nyuma yake haikuguswa, na wiki ijayo itarudi kwa sura nyingine: maelekezo ya dawa ya mtoto, mkataba wa kukodisha shamba, au ujumbe wa simu kuhusu fedha, ambao atalazimika kumpa wakala ausome pamoja na namba yake ya siri.

Wananchi wa namna hiyo wamo katika kila kata, na si wazee peke yao. Wamo wakulima hodari, viongozi wa vikundi na wazazi wanaosomesha watoto hadi vyuo vikuu. Somo la toleo hili linaeleza njia moja ambayo jamii mbalimbali zimeitumia kuwafikia watu hao bila kuwaaibisha, nayo ni nyumba ya ujirani. Linaeleza maana ya nyumba hiyo, mahali wazo lake lilipotoka, yale ambayo Tanzania imekwisha kujifunza kuhusu elimu ya watu wazima, na jinsi kijiji kinavyoweza kuanza kwa kutumia rasilimali kilizo nazo.

Maana ya nyumba ya ujirani

Nyumba ya ujirani ni jengo lililo katikati ya makazi ya watu, ambamo wakazi wa eneo moja hupata mafunzo na msaada wa kijamii chini ya paa moja. Mambo matatu huitofautisha na shule au ofisi ya kawaida.

Kwanza, haina sharti la kuingilia. Hakuna ada, sare, umri wala cheti kinachodaiwa mlangoni. Mtu anaweza kuingia kuuliza jambo moja na kuondoka, au kukaa mwaka mzima akijifunza.

Pili, huduma zake zimeshikana. Darasa la kusoma na kuandika, ushauri wa kisheria, kikao cha kikundi cha akiba, mafunzo ya lishe na mahali pa kuwaacha watoto wadogo hupatikana mahali pamoja, kwa ratiba inayofahamika na wote.

Tatu, wakazi ndio wenye kuamua kinachofundishwa na saa ya kukifundisha. Maofisa na wahisani hushauri na kusaidia, lakini ufunguo hukaa kwa jirani.

Sababu ya kuunganisha elimu na msaada

Mtoto hupelekwa shule. Mtu mzima hujipeleka mwenyewe. Kabla ya kujipeleka, hupima mambo mengi: palizi itafanywa na nani, mtoto ataachwa wapi, na saa ya kurudi kupika itakuwa imefika au bado. Kuliko yote hayo, hupima aibu. Jina la ngumbaru, ambalo kwa miaka mingi limetumiwa kutaja madarasa ya watu wazima, limewafanya wengi waone ni afadhali kuishi na shida kuliko kuonekana na majirani wakibeba daftari.

Kwa sababu hiyo, darasa lililobandikwa tangazo la wasiojua kusoma na kuandika huvuta wachache, hata kama mwalimu wake ni hodari. Anayehitaji zaidi ndiye anayepita mbali zaidi. Mlango wa haja, kwa upande wake, ni mpana. Hakuna anayemshangaa mama anayekwenda kwenye kikundi cha akiba, wala baba anayekwenda kuuliza habari za mpaka wa shamba lake.

Chukua mfano wa mwanakikundi ambaye kila wiki huweka akiba yake na kugongewa mihuri katika kitabu chake. Mihuri anaihesabu vizuri, kwa kuwa ilibuniwa hivyo ili asiyesoma asipunjwe. Siku anapokopa, hata hivyo, huandikiwa kiasi cha mkopo, riba na tarehe ya marejesho. Hapo ndipo anapoona kwamba kumwamini katibu ni jambo jema, na kujua kilichoandikwa ni jambo jema zaidi. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mama huyo akiambiwa kwamba katika chumba hicho hicho, saa moja kabla ya kikao, kuna mtu wa kuwafundisha wanakikundi kusoma vitabu vyao, hatakuwa amekwenda ngumbaru. Atakuwa amewahi kikaoni.

Huo ndio msingi wa nyumba ya ujirani. Mtu huja akiwa na haja yake, na haja hiyo humfikisha kwenye elimu.

Chimbuko la wazo: London na Chicago

Nyumba za namna hii zilianza katika miji ya viwanda ya karne ya 19, ambako wakulima na wahamiaji walijazana katika vitongoji vya kimaskini. Mwaka 1884, padri wa Kianglikana Samuel Barnett na mkewe Henrietta walianzisha Toynbee Hall katika eneo la Whitechapel, mashariki ya London. Wasomi wa vyuo vikuu walikwenda kuishi humo, jirani na maskini, wakifundisha madarasa ya jioni. Kuanzia mwaka 1898 nyumba hiyo ilitoa pia ushauri wa kisheria bila malipo kwa watu wasioweza kumlipa wakili. Hadi leo Toynbee Hall inaendelea kuhudumia wakazi wa eneo hilo.

Mmarekani Jane Addams aliitembelea Toynbee Hall mwaka 1888. Mwaka uliofuata, yeye na mwenzake Ellen Gates Starr walifungua Hull House katika jumba kuukuu la barabara ya Halsted, mjini Chicago. Majirani wao walikuwa wahamiaji kutoka Italia, Ujerumani, Ugiriki, Urusi na Poland. Wengi wao hawakujua Kiingereza, walifanya kazi za viwandani kwa ujira mdogo na kuishi katika vyumba vilivyosongamana.

Kilichofuata kinafaa kuangaliwa kwa makini. Addams na Starr walikuwa na mapenzi makubwa ya sanaa na fasihi, na mwanzoni waliwaalika majirani kusikiliza usomaji wa vitabu. Majirani walikuja, lakini walikuja pia na shida zao. Akina mama waliokwenda viwandani hawakuwa na mahali pa kuwaacha watoto, hivyo shule ya chekechea ikaanzishwa mapema kabisa, na kituo cha kulelea watoto wadogo kikafuata. Nyumba za kupanga hazikuwa na mahali pa kuogea, hivyo mabafu yakajengwa. Vijana hawakuwa na pa kuchezea, ukapatikana uwanja. Madarasa ya Kiingereza ya jioni, mafunzo ya ushonaji na upishi, maktaba na vilabu vya majadiliano vilikua pamoja na huduma hizo. Katika mwaka wake wa pili nyumba hiyo ilikuwa ikipokea watu wapatao 2,000 kwa wiki, na kufikia mwaka 1911 ilikuwa na majengo 13.

Kazi yake haikuishia ndani ya kuta. Mwaka 1895, baada ya kulalamikia takataka zilizorundikana mitaani, Addams alikubali kuteuliwa kuwa mkaguzi wa takataka wa kata yake, akawa anaamka alfajiri kufuatilia magari ya kuzoa taka. Mkazi mwingine wa nyumba hiyo, Florence Kelley, alikusanya ushahidi wa kazi za watoto viwandani, na mwaka 1893 jimbo la Illinois likapitisha sheria iliyozuia kuajiri viwandani watoto walio chini ya miaka 14. Addams alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1931.

Mafunzo matatu kutoka Hull House

Funzo la kwanza linatokana na kosa. Mwaka 1893 Hull House ilifungua jiko la umma lililopika vyakula vilivyopimwa kitaalamu, vyenye virutubisho vyote na vya bei nafuu. Wataalamu walikuwa na hakika kwamba familia maskini zingekimbilia chakula hicho, lakini walionunua walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Majirani walikiri kuwa chakula kilikuwa bora, ila walipendelea kula walichokizoea. Wenye nyumba walijifunza kwamba jambo jema lililoamuliwa bila mwenyewe kuulizwa hubaki kuwa la aliyeliamua. Mgahawa wa kahawa uliofunguliwa pamoja na jiko hilo ndio uliopendwa, kwa sababu ulikuwa mahali pa kukaa na kuzungumza.

Funzo la pili linahusu heshima ya mtu mzima. Addams aliona kwamba watoto wa wahamiaji, baada ya kwenda shule na kujua Kiingereza, walianza kuwaonea haya mama zao waliovaa vilemba vya kwao na kusema lugha ya kwao. Mwaka 1900 Hull House ilifungua Makumbusho ya Kazi. Wanawake wa makamo walialikwa kusokota nyuzi na kufuma kwa mikono mbele ya wageni, kwa ufundi ambao mashine za viwandani zilitokana nao. Watoto waliwaona wasomi wakiwasikiliza mama zao na kuwauliza maswali. Mtu ambaye darasani alikuwa mwanafunzi, katika chumba cha pili alikuwa mwalimu.

Funzo hilo lina uzito mkubwa katika vijiji vya Tanzania. Asiyejua kusoma anaweza kuwa bingwa wa kusuka ukili, kufinyanga, kutambua magonjwa ya mifugo au kusuluhisha ugomvi wa ndoa. Nyumba ya ujirani inayompa nafasi ya kufundisha anachokijua humrahisishia kukiri asichokijua.

Funzo la tatu ni la fedha. Shirika lililorithi kazi ya Hull House lilifikia hatua ya kutegemea kwa kiasi kikubwa fedha za serikali. Fedha hizo zilipopungua wakati mahitaji ya watu yakiongezeka, shirika lilishindwa kulipa madeni, na Januari 2012 likafunga milango baada ya zaidi ya miaka 120. Sehemu ya majengo ya awali imebaki kama makumbusho. Nyumba iliyowainua wengi iliangushwa na kuegemea nguzo moja.

Uzoefu wa Tanzania

Tanzania ilikuwa na safari yake yenyewe, tena kubwa. Mwaka 1964, akiwasilisha mpango wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba taifa halina budi kuelimisha watu wazima kwanza, kwa kuwa matunda ya elimu ya watoto yangechukua miaka mingi kuonekana. Katika hotuba yake ya tarehe 31 Desemba 1969, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Wakati huo, katika mikoa ya kanda ya Ziwa, mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO kuanzia mwaka 1968 ulikuwa tayari ukitumia vitabu vya kisomo vilivyoandikwa kwa kufuata kazi za watu: pamba kwa mkulima wa pamba, migomba kwa mkulima wa ndizi, uvuvi kwa mvuvi, malezi na lishe kwa kina mama. Hicho ndicho kilichoitwa kisomo chenye manufaa. Mwanakisomo alijifunza herufi kwa kutumia maneno ambayo angeyahitaji kesho yake shambani.

Kisha zikaja kampeni za redio. Mwaka 1973, kwa muda wa wiki 12, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, vikiongozwa na viongozi wa vikundi 75,000 waliopewa mafunzo. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu kwa sauti, kikajadili, kisha kikaazimia jambo la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani yanayozunguka nyumba, kuchemsha maji ya kunywa. Kampeni ya Chakula ni Uhai ilifuata mwaka 1975. Mwaka huo huo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianzishwa kwa sheria kuwa chombo kinachojitegemea, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyochota mfano kutoka Sweden, vilianza kufunguliwa.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwaka 1967, asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kwa takwimu za serikali, kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, na kufikia mwaka 1986 kilikuwa asilimia 9.6. Nchi chache duniani zilikuwa zimepiga hatua kama hiyo kwa muda mfupi hivyo.

Hata hivyo, sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba takribani watu wazima watatu kati ya kila kumi hawakujua kusoma na kuandika. Nini kilitokea katika miaka hiyo 16? Sababu ni nyingi. Hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 ilipunguza bajeti, posho ndogo za walimu wa kujitolea zilikatika, na uandikishaji wa watoto shuleni ukashuka, hivyo kizazi kipya kikaingia utu uzima bila kusoma. Lakini ipo sababu nyingine, ambayo ndiyo kiini cha somo hili. Wengi waliojifunza walisahau, kwa sababu baada ya kuhitimu hawakuwa na mahali pa kuendelea kusoma.

Hatari hiyo ilionekana mapema. Maktaba za vijiji zilianzishwa, na mwaka 1974 gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianza kuchapishwa Mwanza kwa ajili ya wahitimu wa kisomo wa kanda ya Ziwa. Juhudi hizo zilikuwa sahihi, ila hazikudumu. Vitabu vilichakaa visipate vya kujaza nafasi, karatasi ikaadimika, na darasa lililokuwa likifanyika chini ya mwembe au katika chumba cha kuazima likatawanyika mwalimu alipohama. Kusoma ni kama njia ya miguu: isipopitwa, majani huifunika. Kampeni ilifyeka njia hiyo kwa nguvu za taifa zima, lakini pale ambapo hapakuwa na nyumba ya kuwavuta watu kuipita kila wiki, majani yaliota upya.

Huduma zilizopo zinavyoweza kukutana

Kijiji kinachotaka kuanzisha nyumba ya ujirani hakianzi bila kitu. Huduma nyingi zinazohitajika zipo tayari, isipokuwa kila moja hukaa mahali pake na mwananchi huzitafuta moja baada ya nyingine.

Kwa upande wa elimu, Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii, maarufu kama MUKEJA, hufundisha kisomo pamoja na miradi ya uzalishaji inayochaguliwa na wanakisomo wenyewe. Watoto na vijana walioikosa elimu ya msingi wana MEMKWA. Aliyekatisha masomo ya sekondari anaweza kujiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kuanzia Novemba 2021, wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurejea katika shule za serikali. Anayetaka ufundi ana Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo nchini vipo 54.

Kwa upande wa msaada wa kijamii, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Kazi yao ni kuelimisha na kuelekeza wananchi bila malipo, ingawa hawaruhusiwi kuwawakilisha mahakamani. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wapo pia maofisa maendeleo ya jamii, maofisa ustawi wa jamii, maofisa ugani na wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Mwananchi akiangalia orodha hiyo ataona jambo moja: karibu kila huduma inaanza na karatasi. Mkopo wa kikundi unahitaji katiba, muhtasari wa kikao na andiko la mradi. Hati ya hakimiliki ya kimila ina majina na mipaka inayopaswa kuhakikiwa kabla ya kutia saini. Asiyesoma ana haki sawa na mwenzake, lakini huifikia haki hiyo kwa macho ya mtu mwingine. Kwa hiyo somo la kusoma na kuandika halistahili kuwekwa mwisho wa foleni, baada ya huduma nyingine zote kukamilika. Ndilo linalozifungua huduma hizo.

Hatua za kuanzisha nyumba ya ujirani

1. Kuuliza kabla ya kujenga. Watu wawili au watatu wanaoaminika wapite nyumba kwa nyumba wakiuliza ni jambo gani humsumbua mkazi kila wiki. Swali la kama mtu anajua kusoma lisiulizwe hadharani. Majibu kuhusu shida za kila siku yatalijibu lenyewe.

2. Kutafuta jengo lililopo. Inaweza kuwa ofisi ya zamani ya kijiji, ghala la ushirika lisilotumika, au chumba cha darasa baada ya wanafunzi kuondoka. Sifa za muhimu ni nne: liwe karibu na makazi, liwe na choo na maji, liingilike kwa mtu mwenye ulemavu, na lisiwe mali ya kikundi kimoja kitakachowazuia wengine.

3. Kupeleka hoja kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Uamuzi wa mkutano huo ndio unaoipa nyumba uhalali. Usimamizi unaweza kuwekwa chini ya kamati ya huduma za jamii na kujitegemea ya Halmashauri ya Kijiji, ikisaidiwa na watumiaji wenyewe, wanawake kwa wanaume.

4. Kupanga ratiba kwa kufuata maisha ya watu. Kwa mfano, kisomo kifanyike alasiri mbili kwa wiki, saa moja kabla ya vikao vya vikundi vya akiba. Msaidizi wa kisheria awepo siku moja maalumu. Ofisa ugani aje mwanzoni mwa msimu. Siku ya gulio iachwe wazi, na wakati wa palizi na mavuno vipindi vipunguzwe badala ya kufutwa. Pawepo mtu wa kuwaangalia watoto wadogo kwa zamu.

5. Kuchagua walimu kwa subira yao kuliko vyeti vyao. Mwalimu wa watu wazima anapaswa kutunza siri, kuwaheshimu wanaomzidi umri na kutomwita mtu mbele ya ubao bila ridhaa yake. Aanze na vitu ambavyo mwanakisomo anavyo mkononi: kadi ya kliniki, kitabu cha kikundi, mfuko wa mbegu, menyu ya simu. Mtu akiweza kutuma fedha mwenyewe bila kumtajia yeyote namba ya siri, hatahitaji kuelezwa faida ya kusoma.

6. Kutawanya vyanzo vya fedha. Michango midogo ya vikundi vinavyotumia jengo, bustani ya mboga, kukodisha viti au kuchaji simu vinaweza kulipia mafuta ya taa, chaki na posho ya mwalimu. Msaada wa wahisani ni wa kupokelewa kwa shukrani, ila uelekezwe kwenye vitu vinavyobaki, kama vile rafu, vitabu na taa za sola. Gharama za kila mwezi zisiutegemee. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani, yasomwe na wanakisomo wenyewe kama sehemu ya somo.

7. Kupima maendeleo kwa mambo yanayoonekana. Idadi ya walioandikishwa pekee haitoshi. Kamati ijiulize ni wangapi wameacha kutumia dole gumba, vikundi vingapi vimeandika andiko bila kulipia mtu, na ni wangapi waliohitimu mwaka jana bado wanakuja kusoma.

Maswali ya kujadili katika vikundi na mikutano

Wasomaji wanaombwa kusoma makala haya kwa sauti katika vikundi vyao na kuyajadili maswali yafuatayo:

1. Katika kijiji chetu, mtu anayehitaji kusomewa barua ya siri humwendea nani? Je, ana hiari ya kutomwendea?

2. Ni jengo gani la umma ambalo hukaa limefungwa siku nyingi za wiki, na ufunguo wake unashikwa na nani?

3. Ni ujuzi gani walio nao wazee wetu ambao vijana wangepaswa kuketi kuusikiliza?

4. Kama ufadhili wote ungekoma leo, ni shughuli gani ya kijamii ingeendelea mwezi ujao, na kwa nini?

Kijiji kitakachopata majibu na kutaka kuendelea kinashauriwa kuanza kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, ambaye ataiwasilisha hoja kwa Afisa Elimu Kata na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ili wamshirikishe Afisa Elimu ya Watu Wazima wa wilaya. Mwananchi ambaye hajisikii kusema mbele ya mkutano anaweza kumwona yeyote kati ya maofisa hao faraghani. Hatalazimika kueleza habari za miwani.